Kinamasi Nilimokata Miwale

Kinamasi kile kilinigharimu viramba sitini, vifurushi vitatu vya chumvi na mbuzi mmoja aliyekohoa. Nilihesabu mara mbili. Hesabu ilikuwa sawa. Aliyekosea ni mimi.

Kiramba, kwa asiyetujua, ni kitambaa cha nyuzi za muwale, na ndiyo fedha yetu hapa Kasongo: ukinunua samaki, ukilipa faini, ukioa. Muwale, mti wa jamii ya mchikichi, huota kinamasini. Nami nilikata miwale yote nipande mpunga, kwa kuwa misafara ya Kabambare ililipa mchele vizuri. Yaani nilikata fedha nikitafuta fedha.

Kaka wa mke wangu, mfumaji, alichuma nyuzi zake humo tangu utoto. Alikuja akasimama kati ya visiki.

“Shemeji, umemaliza?”

“Bado ile miwili.”

“Basi hiyo uiache, hata kwa haya tu.”

Nilicheka, nikaikata.

Mwaka wa kwanza ghala lilijaa. Wa pili, kila mwenye kinamasi alikuwa ameniiga, na mchele ukazagaa hata kuku wakauchagua. Viramba vikaadimika. Kitanda cha kufumia cha shemeji kikawa cha kuanikia nguo. Hapo ndipo mwanawe akapata mchumba, mahari viramba arobaini.

Kwa kuwa nyuzi za shemeji nilizimaliza mimi, nilimpelekea mama wa binti vikapu sita vya mchele. Hakuinuka hata kwenye mkeka.

“Mchele iko kila nyumba, baba. Mutoto wangu nimuozeshe kwa uji?”

“Basi vikapu nane.”

“Hata themanini! Wajomba zake kila mutu ashike kiramba chake mkononi. Bila hivyo, hiyo si ndoa, ni matembezi.”

Usiku ule mke wangu hakunipakulia. Kulipokucha nikashika njia ya Kabambare, siku kadhaa kwa miguu, ambako miwale ilikuwa bado imesimama. Wafumaji wa kule walikwisha sikia habari zetu. Walinicheka, na bei ikapanda pamoja na kicheko. Niliacha bunduki yangu na shanga zote, nikarudi na viramba thelathini na vinane. Nilihesabu mara mbili. Shemeji akahesabu mara ya tatu.

Mama wa binti alivitazama, kisha akamtazama kijana, aliyekuwa akitokwa jasho kama aliyebeba pembe ya ndovu.

“Waoane,” akasema. “Viwili nitangoja. Lakini vitoke kinamasini mwako, baba, si Kabambare.”

Sasa wana watoto wawili, na bibi yao hupita kila Ijumaa kuchungulia tope langu. Mpunga nimeung'oa. Mbegu za muwale nimezifukia misimu miwili, hazijachomoza. Ewe usomaye, kama umewahi kuuotesha, nishauri: mbegu huloweshwa kwanza, au huzikwa kavu? Na mti wenyewe hukaa miaka mingapi kabla ya kutoa nyuzi za viramba viwili?