Damu Niliyoipika

Mume wangu alinivunja jino asubuhi ile kwa mchi wa kutwangia viungo. Mtoto wa mke mwenzangu alikuwa na homa siku ya tatu, sasa degedege limempanda, na mganga alikwisha kusema aliyemroga yumo humo nyumbani. Nyumbani tulikuwa wanawake wawili, na mmoja ndiye mamake.

Mimi nilikuwa muosha vioo kwenye zahanati moja huku Msambweni, vile vioo vidogo wanavyopakia damu itazamwe kwa darubini. Nikamnyakua mtoto, nikakimbia naye. Mamake nyuma ananipiga mgongo kwa mtalawanda, kiatu chake cha mti. Nyuma yake mume wetu, na panga.

Bwana wa darubini hapigi sindano ya kwinini mpaka awaone vijidudu. Akamdunga mtoto kidole, akaweka tone kwenye kioo. "Liache likauke lenyewe," akaniambia, akaenda kuufunga mlango, mamake keshaingia, mume wetu bado nje. Nikaona litachelewa. Nikalibandika juu ya jiko la kuchemshia sindano.

Alipolitia kwenye dawa ya zambarau, damu ikang'ang'ana na wekundu wake. Akanizaba kofi. "Umeipika! Damu iliyopikwa haiachii wekundu, nitaona nini humu?"

Kofi lile nililistahili. Kanuni niliijua.

Mtoto akadungwa tena. Mamake kashika miguu, mimi kichwa. Tukangoja tone likauke, na mlango unapigwa kwa panga. Safari hii wekundu ukatoka, ikabaki zambarau.

"Wamejaa," akasema yule bwana. "Ni malaria." Akamfungulia mume wangu. "Ingia, bwana, ujionee."

Mume wangu akainama, jicho moja kwenye darubini, panga mkononi.

"Nimewaona," akasema. "Kama vipete. Sasa huyu mwanamke aniambie amewatiaje humo."

Akaliinua panga. Mke mwenzangu akamuuma mkono, hakuachia mpaka panga likaanguka.

"Mwanangu apigwe sindano kwanza! Mkitaka kuuana, mtauana baadaye!"

Ikapigwa. Mtoto akapona, leo yeye mwenyewe ana wajukuu. Kwa mume yule sikurudi tena.

Siku ya tatu baada ya sindano ile, mke mwenzangu alikuja zahanati, vyombo vyangu vyote kajitwika kichwani. Akavitua.

"Mgongo umepoa?"

"Bado waniuma."

"Na ukuume," akasema. "Ulitaka kunipikia damu ya mwanangu."