Toleo Jipya Juu ya la Zamani

Jumanne, katika ofisi moja ya vyeti vya kuzaliwa hapa Lindi, kompyuta iligoma kuchapa. Fundi alikuwa ameweka toleo jipya la programu juu ya lile la zamani, ambalo Linux, mfumo wenyewe unaoendesha kompyuta hiyo, unalitegemea.

"Bibi, nimeweka programu mpya juu ya ile ya zamani, mashine imegoma. Rudi wiki ijayo," fundi alisema bila hata shikamoo, macho kwenye simu.

Bibi alikuwa ametoka kijijini Rutamba kwa mara ya tatu, kufuata cheti cha mjukuu wake ili aandikishwe shule. Akajifunga kanga upya.

"Mwanangu, sisi nyumba mpya tunaijenga pembeni. Tunalala kwenye ya zamani mpaka mpya iezekwe. Wewe umetubomolea tukiwa ndani?"

Fundi akacheka. Toleo jipya linawekeka pembeni ya la zamani, na anajua hilo. Ila anayelala nje si yeye.