Nilivyourudishia Mrututu Maji Yake

Nichekeni tu, wasomaji. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nilee wadogo zangu, na juzi nilikuwa najaribiwa kazi katika maabara ya kiwanda cha ngozi, Thika. Bwana Patel, mkemia, alinipa gramu ishirini na tano za mrututu, ile chumvi ya buluu wanayonyunyizia kahawa kule Ruiru.

"Ipashe moto mpaka uzito usipungue tena."

Ikawa nyeupe kama unga, na mizani ikasema kumi na sita. Gramu tisa zimekwenda wapi? Nikajua nitaitwa mwizi, nifukuzwe, watoto walale njaa. Nikadondosha maji, tone kwa tone, mpaka buluu ikarudi na uzito ukatimia. Nikapiga mluzi.

"Bwana, hakuna kilichopotea! Ilishuka hadi kumi na sita, nikaijaza."

"Ukaijaza? Wewe! Hizo tisa ndizo nilizozitafuta, ni maji yaliyofungwa ndani ya chumvi!"

Akagawa tisa kwa kumi na nane, uzito wa molekuli ya maji, na kumi na sita kwa mia moja na sitini, ule wa chumvi kavu; jibu la kwanza likawa mara tano ya la pili, kisha akacheka mpaka miwani ikamtoka.

"Kila molekuli ya chumvi imeshika tano za maji. Nawe umehakikisha kwenda na kurudi, kwa kuyatoa na kuyarudisha! Jumatatu uanze kazi."