Fomu ya Laini Mia Mbili na Kumi na Mbili

Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa nane na dakika kumi na mbili mchana, mitambo ya kampuni moja ya intaneti ilipokea amri ya kubadilisha anwani za wateja wote wa majumbani. Daftari la matukio linamtaja aliyeitoa: mhandisi wa mitandao mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, ambaye kazini wanamwita Bi Waya. Hakusukumwa na mtu. Amri aliiandika mwenyewe, akaipima, akaitekeleza, kisha akaenda kula.

Kila nyumba yenye intaneti huwa na anwani yake, kama nyumba ya mtaani inavyokuwa na namba. Anwani hizo zimeadimika, na kampuni iliamua kwamba nyumba mia moja zitumie moja, mithili ya wapangaji wa geti moja. Anayesoma habari au kutazama video haoni tofauti: anatoka getini, anachukua anachotaka, anarudi. Anayeumia ni yule mwenye wageni. Mgeni akifika getini akamuulizia, hakuna wa kumwonyesha mlango.

Kabla ya siku hiyo mafundi walifanya majaribio kumi na moja. Kurasa zilifunguka, simu za video zilishika, michezo ilichezeka. Majaribio yote yalianzia ndani kwenda nje. Hakuna hata fundi mmoja aliyekaa nje akabisha hodi, kwa sababu katika kampuni ile mteja amezoeleka kuwa mdomo wa kulishwa, na mdomo haupokei wageni. Bi Waya alipaswa kujua zaidi ya wote. Yeye mwenyewe alikuwa na wageni sitini na watatu.

Nyumbani kwake, katika stoo iliyo kando ya jiko, kuna kompyuta kuukuu ambayo ofisi iliitupa miaka sita iliyopita. Mumewe, fundi seremala, aliitengenezea rafu yenye matundu ya kupitisha hewa, na kwa kuwa inanguruma mchana kutwa huiita mume mwenzake. Hiyo ndiyo seva, mashine inayopokea wageni hao. Ndani yake kuna masomo ya hesabu ya mama mdogo wa Bi Waya, mwalimu mstaafu, aliyoyarekodi kwa sauti yake mwenyewe.

Wanafunzi wake ni watu wazima walioacha shule zamani: mpishi wa hoteli, mlinzi wa ghala, mama wa watoto wanne anayesoma huku anapiga pasi. Kila mmoja hupiga picha ya daftari lake na kuituma kwenye seva, na mwalimu hulipitia ukurasa kwa ukurasa, akisema kwa sauti wapi mkono umeteleza. Walikataa masomo hayo yawekwe kwenye mitandao ya watu wote. Mtu wa miaka arobaini na mitano anayejifunza kugawanya sehemu hataki kuonwa na jirani, wala na mkwewe. Mtihani wao ulipangwa kuanza Jumatatu tarehe 17.

Jumatano asubuhi mama mdogo alipiga simu. Wanafunzi, alisema, wanabisha na hawafunguliwi. Bi Waya alikagua stoo. Mashine ilikuwa inanguruma kama kawaida. Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alipiga namba ya huduma kwa wateja ya kampuni yake mwenyewe, kama mteja.

Binti aliyepokea alimsomea maelekezo. Zima kifaa. Hesabu hadi thelathini. Washa. Maneno hayo Bi Waya aliyatambua, kwa kuwa aliyaandika yeye miaka minne iliyopita, kwa ajili ya tatizo lingine kabisa.

"Na isipofaa?" aliuliza.

"Isipofaa, dada, kifaa chako kimeharibika. Nunua kingine."

"Umewaambia hivyo wangapi leo?"

"Wewe wa arobaini na moja. Kuna baba wa duka la dawa amepiga mara tatu, kamera yake ya dukani haoni. Masikini, ameshakwenda kununua."

Alipofika ofisini Bi Waya alifungua kumbukumbu za mwezi uliotangulia na kutafuta laini za intaneti za kifurushi cha nyumbani zilizokuwa zikipokea wageni kila siku. Alipata mia mbili na kumi na mbili. Nyingine zilikuwa kamera, nyingine maktaba za picha za familia. Moja ilikuwa kipimo cha maji kwenye kisima cha kituo cha wazee. Wote hao walikuwa wamefungiwa mlango kwa mkono wake, na wote walikuwa wakiambiwa kwamba kitasa chao ndicho kibovu.

Meneja wa mitandao alimsikiliza akiwa amesimama. Aliuliza ni nani siku hizi anayeweka seva nyumbani. Bi Waya alijibu kwamba ni yeye. Meneja alicheka, si kwa ubaya, akasema hilo ni dogo: ajaze fomu ya msamaha, ya kuondolewa kwenye mabadiliko, laini yake irudishiwe anwani yake, yaishe.

"Na hao wengine?"

"Hao hawajui hata walichokosa," meneja alisema. "Wameambiwa ni kifaa, wameamini. Unataka tuwaamshe ili watulalamikie?"

Kisha akampa kazi: aandike maelekezo mapya ya huduma kwa wateja, yenye sentensi inayosema kwamba vifaa vya zamani haviendani na mtandao ulioboreshwa. Bi Waya alimwambia kwamba huo ni uongo. Meneja akasema ni lugha ya wateja.

Jioni alikwenda kwa mama mdogo akiwa bado na hasira. Alitarajia kuungwa mkono. Mwalimu alikuwa mezani, miwani puani, simu tatu mbele yake, akisahihisha madaftari kwa picha zilizokuja moja moja kwenye simu, bila mpangilio, nyingine zimepinda. Alikuwa amesahihisha tisa tangu asubuhi. Alipoelezwa habari ya fomu, hakuona tatizo lilipo.

"Ijaze usiku huu huu," alisema. "Mimi sikukuomba uokoe mji. Nina watu sitini na watatu na siku kumi na mbili."

Bi Waya alisema hawezi kujifungulia mlango yeye na kuwaacha wengine nje, ilhali aliyewafungia ni yeye. Mwanafunzi akikosea hatua ya kwanza, alianza kusema, hafuti jibu la mwisho tu.

"Usinifundishe somo langu," mama mdogo alimkata. "Mlinzi wa ghala ameshindwa mara mbili. Akishindwa tena hatarudi, namjua. Hasira yako ni ya haki, mwanangu, lakini yeye haimsaidii kutafuta eneo la duara. Fanya unavyotaka, ila kufikia kesho jioni nataka wanafunzi wangu."

Fomu ya msamaha ni ukurasa mmoja. Ina mahali pa jina la mwombaji, sababu, na laini zinazohusika. Mahali pa laini Bi Waya aliandika: kama zilivyo kwenye kiambatisho. Mahali pa sababu aliandika kwamba wateja wamekatiwa huduma kwa kosa la kampuni, na kwamba majaribio hayakufanywa kutoka nje. Kwenye kiambatisho aliorodhesha laini zote mia mbili na kumi na mbili, ya kwake ikiwa katikati.

Meneja husaini fomu kwa fungu baada ya chakula cha mchana. Hafungui viambatisho, na ofisi nzima inajua. Alhamisi saa tisa alisaini. Saa kumi na dakika ishirini anwani zilirudi. Kabla ya saa kumi na moja seva ya stoo ilikuwa imepokea madaftari thelathini na nane, na mwalimu alianza na la mlinzi wa ghala.

Ijumaa hesabu ya anwani haikulingana. Meneja alifungua kiambatisho kwa mara ya kwanza, na mchana huo Bi Waya akakabidhiwa barua inayomtuhumu kupata idhini kwa udanganyifu. Ilimsimamisha kazi hadi kamati ya nidhamu itakapokaa, na kusema laini hizo zisiguswe mpaka uamuzi utoke.

Neno udanganyifu amelipigia mstari kwa kalamu, mara mbili, hadi karatasi imechanika. Anasema hakuficha kitu. Kila laini imeandikwa, na anayetaka kusoma anasoma. Udanganyifu, kwake, ni ule uliosomwa kwa sauti tamu kwa watu arobaini na mmoja kabla ya saa tano asubuhi. Mwenye duka la dawa bado ana kifaa kipya ambacho hakukihitaji, na hadi leo hakuna aliyempigia simu kumwambia.

Jumatatu tarehe 17 Machi, saa mbili asubuhi, wanafunzi sitini na watatu wanaingia kwenye chumba cha mtihani. Saa tatu Bi Waya anaingia mbele ya kamati.