Tamar na watu wanaoiogopa oksijeni

"Hapana tia ile kitu ku pua ya mama—"

"Papa, acha kwanza nikueleze—"

"Unieleze nini? Baba mulimutia, akakufa! Shangazi mulimutia, akakufa! Sasa munataka wa tatu?"

"Baba yako alifika hapa siku ya ngapi ya ugonjwa? Sema, siku ya ngapi?"

"Hapana niulize! Ile mashini ndiyo inamalizaka batu!"

Ni saa mbili asubuhi katika hospitali moja ya Butembo, na muuguzi Kavuo Tamar amekwisha kufokewa mara mbili tangu aingie zamu. Anayemfokea sasa ni Zorobabel, muuza vipuri vya pikipiki wa mtaa wa Mususa, mwanamume mwenye mabega ya kubeba injini peke yake. Amejiweka kati ya muuguzi na kitanda, na hapitiki.

Nyuma yake amelala mama yake, Godelive, muuza maharage, mgonjwa wa nimonia. Anahema kama amepanda vilima vyote vya Butembo na gunia kichwani. Kipimo cha oksijeni kilichombana kidole kinasoma themanini na moja. Kwa mtu mzima mwenye afya hapa mlimani, kingesoma tisini na nne hivi.

Tamar habishani tena. Anachukua mpira mpya wa kupitishia hewa, anaufungua, anajitia puani mwenyewe. Anawasha mashini, anavuta kiti, anakaa.

"Papa, shika simu yako, uhesabu dakika mbili. Nikikufa, pikipiki yangu utaichukua weye."

"Ile pikipiki yako ya kukohoa? Miye niifanye nini?"

"Basi hesabu tu."

Watu waliokaa kwenye vitanda vya jirani wanacheka. Zorobabel hacheki, lakini anahesabu. Dakika ya kwanza Tamar anasimulia habari za jirani yake aliyenunua jogoo akaletewa tetea. Dakika ya pili anaimba wimbo wa kanisani, kwa sauti mbaya sana. Zikiisha, bado yuko hai.

"Sawa," Zorobabel anasema. "Lakini nitamutia miye mwenyewe."

Na ndivyo inavyokuwa. Tamar anafungua mpira mwingine mpya, anamwonyesha, na vidole vyeusi kwa grisi vinanawishwa mara mbili kabla havijagusa pua ya mama.

Tamar ana miaka thelathini na sita. Chumba chake cha wagonjwa mahututi kina vitanda vinane na mashini sita za oksijeni. Nne zinafanya kazi, ya tano inafanya kazi siku inapotaka, ya sita wameifanya meza ya chai.

Kazi ya kushawishi watu hakufundishwa shuleni. Alijifunza mjini Beni, wakati wa Ebola, alipokuwa akiingia kwenye mahema ya wagonjwa amefunikwa mwili mzima, yamebaki macho tu.

"Batu walikuwa banaona tunaingiza mutu, kisha tunatoa jeneza," anasema. "Ungekuwa weye, ungewaza nini? Hapana tuseme batu ni bajinga. Ni sisi tuliwafundisha."

Oksijeni nayo ilipata sifa mbaya kwa njia hiyohiyo. Mgonjwa anaanza na duka la dawa. Anapelekwa kwenye chumba cha maombi. Anarudi duka la dawa, lingine. Siku ya tisa ndipo analetwa hospitali, midomo imekuwa ya bluu. Akifa, kitu cha mwisho ambacho familia ilikiona usoni pake ni ule mpira.

Tangu mwaka jana Tamar anaandika kwenye daftari kila sababu anayopewa na wanaokataa, bila majina. Amefikisha mia moja arobaini na tatu. Themanini na nane wamesema mashini inaua. Mmoja alisema hewa ya chupa inakausha moyo. Mama mkwe mmoja alisema mashini inakoroma kama marehemu mumewe, na hakutaka kulala nayo chumba kimoja tena.

Daktari Phinées, anayefanya utafiti wa nimonia kali, alilisoma daftari lile akacheka mpaka akavua miwani. Kesho yake alirudi bila kicheko, akaomba nakala. Sasa wanaandaa utafiti pamoja: oksijeni ikianza mapema, kwenye vituo vidogo vya afya kama vya Mususa, je, familia zitaacha kuikimbia?

"Siku moja," Tamar anasema, "mutu afike akikohoa tu, aniambie: infirmière, leta ile mpira. Siku ile nitacheza dansi hapahapa."

Siku ya tatu kipimo cha Godelive kinasoma tisini na mbili. Mpira bado uko puani, lakini anakunywa uji na kumgombeza Zorobabel kwa kuja na shati lisilopigwa pasi. Zorobabel anaitikia kila kitu.

Ndipo kwenye kitanda cha dirishani kelele zinaanza upya. Mzee mmoja ameletwa kutoka njia ya Lubero, na mabinti zake wawili wameukamata mkono wa Tamar.

"Kaka yetu alitiwa ile, akakufa!"

"Mama, mungoje kidogo—"

"Hapana! Hapana kabisa!"

Tamar anafungua mpira mpya, anauelekeza puani mwake.

"Weye, acha," inasema sauti nyuma yake. Ni Godelive. Ameweka kikombe chini. "Weye uko muzima. Banakuona unacheza. Miye nilikuwa karibu kufa, nikatoka kule."

Mabinti wanageuka.

"Zorobabel, sukuma kitanda yangu mupaka pale, pamoja na mashini."

"Mama, uko mugonjwa, utachoka—"

"Sukuma, nimesema." Anajishika mashavu, anawatazama wote waliomo chumbani. "Lakini ngojeni kwanza. Nani hapa iko na poda? Bakiniona na hii sura, batasema ni kweli inaua."