Chumba Nilichozaliwa Ibra

Nyumba kongwe ya babu yangu mzaa baba iko mwendo wa dakika kumi kwa gari kutoka kwangu, hapa hapa Ibra, Oman. Ni ya udongo, ghorofa mbili, na nyuma yake iko bustani ya mitende inayonyweshwa kwa maji ya falaji, mfereji wetu wa kale. Mimi nilizaliwa humo. Mama alifika kutoka Unguja akiwa na mimba yangu, Kiarabu chake kikiwa kile cha kwenye sala tu, akaishi hapo miaka minne kabla hatujahamia nyumba ya saruji upande mpya wa mji. Kwa miaka mingi aliniomba kitu kimoja: nimpeleke akaione tena.

"Utanipeleka lini, mwanangu? Nataka nikautazame mndimu wangu."

"Inshallah mama, baridi ikija."

"Baridi ngapi zishapita! Wallahi nishachoka kungoja."

Huku kwetu kila jambo lenye jasho husubiri baridi, kwa hiyo kisingizio changu hakikumshangaza mtu. Lakini nikisema kweli, sababu haikuwa joto. Nilikuwa naona haya. Nilipokuwa mdogo, kila tukirudi kumwamkia babu, watoto wa mtaa ule walikuwa wakimwigiza mama anavyosema Kiarabu, wanaangua vicheko, na mimi najifanya si mwanawe. Nikakua, nikawa mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana, watu wakawa wanasimama nikiingia, na bado sikutaka kupita naye uchochoro ule. Upuuzi wa utotoni niliubeba mpaka nikaota mvi.

Kwenda Uingereza sikusubiri baridi. Binti yangu anasoma huko, na kiangazi kimoja alinichukua mashambani kutazama jumba la kale la ukoo mmoja wa kitajiri, ambalo sasa liko wazi kwa wageni. Nilipagawa. Bustani ina kuta za matofali, na mipea imelazwa ukutani tangu ingali michanga, matawi yamenyooka kama nguo zilizoanikwa kambani. Waridi sikuweza kuzihesabu. Ndani, kila chumba kina mzee mmoja kakaa kwenye kiti, kazi yake kuwaeleza wageni habari za chumba kile.

Nikang'ang'ania kwa bibi wa chumba cha kulala. Nikamuuliza mwenye nyumba alijifungulia kitanda gani, maji ya moto yalipandishwaje mpaka juu, na nani alimkanda baada ya uzazi. Hilo la kukandwa hakulielewa, maskini, ikabidi nimweleze kwetu mzazi anavyokandwa kwa maji ya moto siku arobaini. Mengine yote aliyajua, mpaka jina la mkunga. Nilisikiliza kwa makini, natikisa kichwa, kama naletewa habari za shangazi yangu.

Tulipotoka binti yangu alikuwa hoi kwa kucheka. "Mama, umemhoji bibi wa watu kama askari wa uhamiaji!" Kisha akauliza, wala hakuwa na nia mbaya: "Na wewe, ulizaliwa chumba gani kule Ibra? Bibi alikandwa na nani?"

Sikujua. Nikamwambia mvua inakuja, tuwahi gari.

Nilirudi Oman nimenunua daftari, maswali nimeshayaandika. Mlangoni nilipokewa na dada kutoka Tanga anayetusaidia mimi na mama nyumbani. "Shikamoo mama," akasema, kisha akashusha sauti. "Bibi siku hizi anasahau sana. Jana kaniuliza yeye ni mgeni wa nani hapa." Mwenyewe nilikuwa nimeshaziona dalili kabla sijasafiri, nikasema ni uzee tu. Nilikuwa na haraka ya kufunga mabegi. Sitajisamehe kwa hilo.

Sikungoja tena. Siku ya pili asubuhi, joto likiwa linachoma, nilimvalisha mama buibui lake nikampeleka. Nyumba ilikuwa imesimama bado, ingawa upande mmoja magogo ya dari yameporomoka. Mlango wa mbao ulikuwa nusu wazi. Nikatanguliza mguu mmoja ndani, nikamnyooshea mkono.

Mama hakuushika. Aliuweka sawa mtandio wake, akasimama pembeni ya kizingiti. "Hodi!" akaita.

"Ingia mama, hapa ni kwetu."

Akanitazama kwa upole, kama anayemtazama mtoto asiye na adabu. "Nyumba ya watu haiingiwi hivi hivi, mwanangu. Toa mguu wako." Nikautoa. "Hodi wenyewe!"

Nikaanza kumuuliza haraka haraka, daftari halijafunguliwa hata: alilala wapi, nani alimkanda, mimi nilizaliwa chumba gani. Akanipigapiga mkono kunituliza.

"Hayo watayajua wenyewe," akasema. "Wakitoka, tuwaulize."

Akaita mara ya tatu. Ndivyo alivyotufundisha sote: hodi tatu, usipojibiwa ondoka, hata kama mlango uko wazi. Akasubiri, uso kauelekeza kwenye ngazi, na mimi nikasubiri pembeni yake.

"Turudi," akasema. "Wenyewe hawapo."