Shuka la Mwalimu wa Kilatini

Nililikuta shuka juu ya kiti changu katika chumba cha walimu, jeupe, jipya, limekunjwa vizuri, na juu yake taji la majani ya plastiki. Sikuhitaji maelezo. Mwalimu mkuu wetu, mama mchangamfu aliyependa kufungua mikutano kwa kicheko, alikuwa amekwisha kuniambia kwamba jioni ya milango wazi, ya kuvutia wanafunzi wapya, inakaribia, na kwamba safari hii Kilatini lazima "kionekane".

Miaka ile, mwanzoni mwa karne hii, shule za sekondari za Stockholm zilikuwa zimegeuka maduka yanayotazamana. Mwanafunzi alichagua shule aitakayo, na fedha za umma zilimfuata alikokwenda. Kwa hiyo kila majira ya baridi tulipanga meza ukumbini, na watoto waliokuwa wanamaliza shule ya msingi wakapita na wazazi wao, wakitubonyezabonyeza kama maembe ya sokoni. Mwalimu wa Kihispania aligawa peremende. Mwalimu wa kemia alilipua vitu. Mimi nilitakiwa kujifunga shuka begani na kujifanya Mroma wa kale. Somo lililokosa watu wa kutosha halikufunguliwa mwaka uliofuata, na Kilatini kilikuwa kimefika ukingoni kabisa.

Nikaenda ofisini kwake, shuka mkononi.

"Sitalivaa," nilisema.

"Ni mchezo tu," alijibu, akiniita kwa jina langu la kwanza, kama Waswidi wanavyoitana wote, waziri na mfagiaji. "Vijana wanapenda mchezo."

"Mwalimu wa hesabu atavaa nini?"

Alicheka. "Hesabu haihitaji msaada."

"Basi na Kilatini kisisaidiwe kwa kuaibishwa."

"Unajua kitakachotokea wasipojiandikisha."

"Najua. Na kitokee nikiwa nimevaa suruali."

Hakucheka tena. Aliniomba nilichukue shuka nyumbani, nilifikirie.

Jambo hilo nilikuwa nimelifikiria tangu utotoni. Kilatini nilikipata kwa mapadri, katika shule iliyokuwa mlimani juu ya Ziwa Kivu, na pale hakikuwa vazi la sherehe. Padri aliyetufundisha aliingia darasani na matope ya shambani kwenye viatu, akatuamuru tusimame. Hakuna tafsiri iliyofanywa kabla darasa zima halijasoma ukurasa kwa sauti moja, wima, vitabu vikiwa usawa wa kifua. Aliyekosea hakuchapwa wala kuchekwa. Sote tulirudi mwanzo, pamoja naye. Ndivyo nilivyojifunza kwamba kosa la mmoja hulipwa na wote, na kwamba sentensi iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuoza inaweza kukunyoosha uti wa mgongo. Nilipopata darasa langu Stockholm niliwasimamisha vijana wa Kiswidi vivyo hivyo. Siku za kwanza walijikunja kwa vicheko. Kufika majira ya kuchipua walikuwa wakisimama kabla sijafunga mlango.

Mke wangu, anayehudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, hakuona ugumu wowote. Alilikunjua lile shuka sebuleni kwetu, mtaa wa Hallonbergen, akalipima kwa mikono.

"Baba watoto, hii ni pamba ya kweli. Weye utapoteza kazi juu ya shuka?"

"Si kazi. Ni somo."

"Somo, kazi, *c'est la même chose*, ni kitu kimoja. Mimi kule kazini wananivalisha kofia ya Krismasi, navaa. Nimekufa?"

"Wewe unawaosha wazee. Hakuna anayeiona kofia yako akadhani kuosha wazee ni mzaha."

Alianza kulikunja shuka upya. Kisha binti yetu, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi, akasema kwa Kiswidi kwamba baba akivaa shuka yeye atahama nchi. Mama yake akamtupia taji la plastiki. Mjadala ukaishia hapo, na shuka likaenda kabatini.

Jioni ya milango wazi nilivaa suti yangu ya kijivu, ile ya misa na mazishi. Mezani niliweka kamusi na kitabu kimoja. Upande mmoja wangu peremende, upande mwingine moshi wa kemia. Watu walinipita kama wanavyompita mtu anayesubiri treni. Wachache waliosimama waliuliza swali lilelile: somo hili lina faida gani? Nilijua majibu ambayo wenzangu wengi wa Kilatini hutoa, kwamba kinasaidia udaktari, sheria, Kifaransa. Niliyakataa yote. Sikuwa dalali. Niliwajibu kwamba faida yake ni kukisoma.

Mbele yangu akaja baba mmoja mwenye koti zito, pamoja na bintiye. Aliponitazama vizuri akaacha Kiswidi, akahamia Kiswahili.

"Mwalimu, unatoka kwetu?"

"Kivu. Na wewe?"

"Burundi. Tunakaa Akalla." Alikitazama kitabu kwa mashaka. "Sasa hii kitu, mtoto atafanya nayo nini? Si ni lugha ya marehemu?"

"Ndiyo, mzee wangu. Wenyewe wamekufa wote."

"Na bado unaifundisha!"

"Wamekufa, lakini hawajanyamaza."

Alitikisa kichwa huku akitabasamu, kama mtu aliyepewa bei asiyoiamini. Binti yake akauliza, kwa Kiswidi, kama ni lazima kuvaa nguo za kale. Nikamwambia kwamba kilicho lazima ni kusimama tu. Akauliza, kusimama kivipi? Nikawaita wanafunzi wangu waliokuwa wameegemea ukuta, mmoja na pete ya pua, mwingine na nywele za buluu. Sikuwapa amri. Walitoa vitabu vyao, wakanyoosha migongo, wakasoma ukurasa mzima kwa sauti moja katikati ya ukumbi ule wa peremende. Mwenye pete alikosea. Wakarudi mwanzo wote, bila kumtazama. Mwalimu wa kemia akashusha kibiriti chake. Walipomaliza, hakuna mkono uliokuwa kwenye peremende.

Msichana wa Akalla alijiandikisha papo hapo. Wengine kadhaa wakafuata.

Hawakutosha. Mwalimu mkuu aliniita kabla theluji haijayeyuka, akaniambia kwa upole wa kweli kwamba darasa jipya halitafunguliwa. Waliokuwapo watamaliza nami, kisha nitabaki na somo langu la pili, Kifaransa, peke yake.

"Ungelivaa, labda..." alianza.

"Labda," nilisema. "Na mwaka baada ya mwaka ningelivaa tena, na mwishowe mngekuwa na shuka tu, bila Kilatini."

Sikujuta siku ile, na sijuti leo. Nimewaona wenzangu wa somo hili katika jiji hili wakipika mapishi ya Kiroma na kugawa kofia za askari wa kale ili wapewe mwaka mmoja zaidi. Siwalaumu kwa kuogopa. Lakini somo linaloomba radhi kwa kuwepo kwake limekwisha kufa kabla ya kufutwa, na mtoto anayevutwa kwa kichekesho ana haki ya kudai kichekesho hadi mwisho.

Kilichobaki kilikuja kwa simu. Yule baba wa Akalla alipata namba yangu kupitia watu wa kanisani.

"Mwalimu, wamemwambia mtoto hakuna Kilatini."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Lakini wewe uko?"

"Niko."

"Basi mimi sielewi. Mwalimu yuko, mtoto yuko. Hakuna nini?"

 Nikamwambia amlete nyumbani kwangu Jumamosi.

Mwalimu mkuu alipopata habari alinionya kwamba siwezi kutoa alama wala cheti, na chama cha walimu hakitapenda kusikia mtu anafundisha bure. Nilimjibu kwamba mapadri hawakunipa alama ninayoikumbuka, na kwamba jikoni kwangu hakuna chama.

Siku ya kwanza mke wangu aliondoa masufuria mezani, akaitazama meza iliyojaa mikwaruzo, akasema haifai kwa mgeni. Akaenda kabatini. Akalitandaza lile shuka, likafunika meza nzima hadi magotini.

"Ona sasa," alisema. "Nilikuambia ni pamba ya kweli."

Msichana aliweka kitabu juu yake, akavuta kiti akae.

"Bado," nilimwambia.

Akasimama. Nami nikasimama. Mke wangu, kijiko mkononi, akabaki wima karibu na jiko, na tukaanza kusoma.